Soksi, mfuko wa kaki, kijiti au kivuli? Kuchagua kikaragosi cha mnyama kwa darasa la awali

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu wa shule ya jirani alinipigia simu jioni. "Dada, nataka kuanza vikaragosi vya wanyama darasani. Nishone vya soksi au nitengeneze vya karatasi?" Nikamuuliza ana watoto wangapi. "Sitini na mmoja." Tukacheka wote wawili, maana nusu ya jibu ilikuwa imeshapatikana.

Huu ni mwaka wangu wa 11 nikifundisha awali, kwanza Kanda ya Ziwa, sasa Tanga. Nimeshageuza kuwa mnyama karibu kila kitu kinachokubali gundi: soksi, mfuko wa kaki, boksi la sabuni, gunzi la mahindi, hata glavu moja iliyopotelewa na mwenzake. Yale niliyomwambia mwenzangu kwenye simu nimeyaandika hapa kwa urefu, nikiziweka aina nne sako kwa bako, na ya tano nitaipitia mbiombio.

Kwanza: ni kikaragosi cha nani?

Darasani kuna vikaragosi vya namna mbili, na tukivichanganya ndipo tunapojichosha bure. Kuna cha mwalimu, anachokivaa mkononi ili asimulie, aulize, aimbishe. Halafu kuna cha mtoto, anachokitengeneza mwenyewe na kukisemesha. Cha mwalimu kinatakiwa kidumu na kionekane mpaka nyuma ya darasa. Cha mtoto hakihitaji kudumu wala kupendeza. Kinatakiwa kiwe kimepita mikononi mwake tangu kikiwa karatasi tupu.

Nasema hivi kwa sababu mwaka wangu wa pili kazini nilishona soksi 14 usiku, kwa mwanga wa taa, simba na pundamilia wa kupendeza. Walisifiwa sana. Vilevile walikaa kabatini, maana nilikuwa naogopa wasichafuke, na watoto walishika wanyama hao pale tu tulipotembelewa na wageni. Katika muhula mzima sikumbuki mtoto hata mmoja aliyeongea sentensi kamili kupitia simba wangu. Mwaka uliofuata nikawapa vipande vya boksi na makaa, wakachora mbuzi wasiofanana na mbuzi, na kelele za darasa lile nazisikia mpaka leo.

Kwa hiyo katika kila aina nitakayoitaja, swali langu la kwanza ni hili: sehemu gani ya kazi inafanywa na mkono wa mtoto?

Soksi

Sifa ya soksi ni mdomo. Kidole gumba kinakaa chini, vinne juu, na mnyama anaongea kweli. Kwa mwalimu anayefundisha sauti na silabi, hakuna aina nyingine inayoikaribia. Ukisema *ma-mba*, mdomo unafunguka mara mbili. *Su-ngu-ra*, mara tatu. Mtoto anaiona silabi kabla hajajua kuwa inaitwa silabi. Irabu nazo zinaonekana: *a* mdomo wazi kabisa, *i* umebanwa. Angalizo kwa anayeanza: mdomo ufunguke pamoja na silabi, usifunge nayo. Wengi wetu mkono hufanya kinyume, na mnyama anaonekana kama anayauma maneno.

Kuitengeneza si kugumu. Tafuta soksi ndefu ya mtu mzima, ya mtumba, ile iliyobaki peke yake. Usinunue jozi kwa ajili hii. Kisigino kinakuwa kipaji cha uso, ncha ya soksi unaisukuma ndani iwe kinywa. Ndani ya kinywa weka kipande kigumu cha umbo la yai kilichokunjwa katikati, vinginevyo mdomo utalegea kama wa mzee asiye na meno. Mimi nilianza na kipande cha boksi. Nilipofua mara ya kwanza kikawa uji. Sasa nakata mfuniko wa plastiki wa kopo la siagi, na fisi wangu ana miaka minne, anafuliwa kila Ijumaa na kuanikwa pamoja na sare za wanangu.

Macho ni vifungo, na vishonwe kwa uzi, visigandishwe. Gundi ikiachia, kifungo kitaanguka sakafuni, na mtoto mdogo akiokota kitu sakafuni mnajua kinaelekea wapi. Kama una watoto wa chini ya miaka 3, achana na vifungo kabisa; darizi macho kwa uzi.

Tukija kwenye upungufu, ni mmoja, nao ni mkubwa. Mtoto wa miaka 4 au 5 hashoni. Anaweza kuchagua rangi, anaweza kusema masikio yawe marefu au mafupi, anaweza kuchora madoa kwa makapeni, lakini mnyama ni wako. Mimi soksi moja hunichukua kama saa nzima. Zidisha kwa idadi ya watoto wako, halafu uniambie utalala lini. Kuna na suala la usafi: soksi inayopita mikono 50 siku ya mafua inasambaza mafua. Pia mtoto akivaa kinywa mkononi, jambo la kwanza analofanya ni kumuuma jirani yake. Sijaona darasa ambalo halikupitia hilo. Dawa yake ni kumpa mnyama shughuli kabla hujampa mtoto mnyama. "Fisi amepoteza mfupa wake, nani atamsaidia kuutafuta?" Mwenye shughuli haumi sana.

Hapa niongeze jambo nililojifunza bila kukusudia. Nilikuwa na soksi ya kobe, nikamwita Babu Kobe kwa sababu ya mikunjo ya shingo. Siku ya kwanza aliponyanyua kichwa, darasa zima, bila kuambiwa, likasema, "Shikamoo babu!" Babu Kobe akajibu marahaba kwa sauti nzito. Alipotokea Sungura, wakamwambia, "Mambo!" Tangu siku hiyo nafundisha salamu kwa wanyama wawili hao tu. Mtoto anayetoka nyumbani akizungumza Kisukuma, hajaamkia mtu kwa Kiswahili maishani mwake, humwamkia kobe kabla hajathubutu kumwamkia mwalimu mkuu.

Mfuko wa kaki

Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya kaki imekuwa kama majani ya mwembe, iko kila duka. Kwetu walimu wa wadogo ni neema.

Lakini angalia unachonunua. Kuna mifuko iliyo bapa kama bahasha, isiyo na kitako. Hiyo haikufai. Unataka ule ambao kitako chake kimekunjwa kikalala ubavuni, kwa sababu mkunjo huo ndio mdomo. Unaugeuza mfuko juu chini, kitako kiwe juu, mtoto anaingiza mkono na vidole vinajikunja ndani ya kitako. Akikunja na kukunjua, mnyama anaongea. Mdomo wake hauna ufundi wa soksi, lakini unafunguka.

Mfuko uliobebea maandazi nao ni mtihani. Palipolowa mafuta gundi haishiki, na siafu watakutembelea kabla ya saa nne. (Usiutupe, nitauhitaji kwenye vivuli.)

Kosa ambalo nimeliona kila mwaka: watoto wanabandika uso wote chini ya mkunjo, kwenye tumbo la mfuko. Mnyama anapofungua kinywa, kinafunguka juu ya kichwa chake, kama kofia inayopepea. Nilikuwa nawaonyesha mfano, wanautazama, wanakosea vilevile. Kilichosaidia ni kuwaacha wavae mfuko mtupu kwanza na kuongea nao. Mfuko mtupu, bila macho wala pua. "Mwambie jirani yako jina lako." Baada ya dakika moja nauliza mdomo uko wapi, kila mmoja anaweka alama kwa krayoni, ndipo tunavua na kuanza kubandika. Macho na pua juu ya mkunjo, ulimi ndani yake, kidevu chini.

Hapa mkono wa mtoto unafanya karibu kila kitu. Wa miaka 4 anachana karatasi kwa vidole na kubandika, na manyoya ya simba ya karatasi zilizochanwa yanapendeza kuliko ya kukatwa. Wa miaka 5 anaweza kufuata mstari kwa mkasi butu. Mikasi ikiwa michache, kama ilivyo kwetu (minane), chana tu. Wembe ubaki mfukoni mwako.

Gundi ya dukani huisha haraka kwa darasa kubwa. Mimi napika: kikombe 1 cha unga wa ngano nakikoroga kwa maji baridi kidogo, namimina kwenye vikombe 3 vya maji yanayochemka, nakoroga mpaka uwe uji mzito. Unga wa muhogo nao unafaa. Kwa joto la Tanga inaanza kuchacha siku ya pili, kwa hiyo pika ya siku hiyo. Na ujue kwamba unawabandikia panya chakula. Mwaka mmoja niliacha simba 30 kabatini likizo ya Desemba. Januari nilikuta vumbi la kaki na kiota.

Kudumu? Siku 3 ukiwaruhusu wacheze kweli, wiki 2 ukiwa mkali. Mimi siwi mkali. Mfuko ukichanika kwenye pembe, mtoto anabandika kiraka, na simba mwenye kiraka ana hadithi ya kusimulia.

Muda ndio kikwazo. Kipindi cha awali ni kifupi, dakika 20 hivi, na mfuko wa kaki hauishi ndani ya dakika 20. Panga siku mbili: leo kuongea na mfuko na kubandika macho, kesho masikio na manyoya. Gundi ya unga pia inahitaji usiku mmoja ikauke.

Kijiti

Ukiniambia nibaki na aina moja tu kwa maisha yangu yote ya kazi, nitachukua kijiti, na sitaona haya. Picha ya mnyama kwenye manila au boksi, imekatwa, imebandikwa kwenye kijiti. Basi. Haina mdomo unaofunguka, na mwenye kuipenda soksi ataiona ni umaskini.

Lakini fikiria darasa la watoto 60. Utaratibu unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Sisi tunajua tulio nao. Ndani ya kipindi kimoja watoto 60 wanaweza wote kuwa na mnyama mkononi, kwa maboksi ya dukani ambayo muuza duka anashukuru ukimwondolea. Wote kwa wakati mmoja wanaweza kunyanyua mnyama wao anapotajwa. Hadithi inapofika "wanyama wote wakakusanyika kisimani", wanakusanyika kweli, hakuna anayesubiri zamu. Watoto 60 wakisubiri zamu ya soksi moja, huna hadithi hapo, una foleni.

Ukubwa: urefu wa sentimita 20 hadi 25, mstari wa nje mnene wa makapeni, la sivyo wa nyuma wataona kijiti chenye doa. Chora pande zote mbili. Hili nililisahau miaka mingi. Mnyama aliyechorwa upande mmoja akitaka kurudi nyumbani inabidi aende kinyumenyume. Watoto waliliona kabla yangu. Mmoja akaniuliza kwa nini mbuzi wake hana ubavu wa pili.

Kijiti chenyewe ndicho cha kuchagua kwa makini. Vya mishikaki vinapatikana kirahisi lakini vina ncha. Kata ncha zote kabla havijaingia darasani. Vya aiskrimu ni salama ila vifupi. Pwani tuna chelewa za ufagio: moja ni nyembamba mno, inayumba kama mlevi, lakini funga 4 pamoja kwa uzi na zinasimama. Bara nilikuwa natumia mabua ya mtama, mepesi, hayachomi. Kwa watoto wa miaka 3 mimi siweki kijiti kabisa. Nagandisha pete pana ya manila nyuma ya picha, mtoto anapitisha vidole. Jicho la mtoto halina kipuri.

Kosa la kijiti ni kwamba kinatualika tufanye uvivu. Mwalimu anachora tembo mmoja, anatoa kopi 60, watoto wanapaka rangi ya kijivu. Hapo mkono wa mtoto umefanya nini? Mimi nawaomba wafikirie alama moja tu ya mnyama. Mkonga, basi ni tembo. Masikio marefu, sungura. Kilemba chekundu, jogoo. Mgongo unaoshuka kuelekea nyuma, fisi. Mtoto akipatia hiyo alama, mengine yote yanaweza kuwa vyovyote. Niliwahi kupokea tembo mwenye miguu sita na hakuna aliyemkosea kumtambua.

Kivuli

Hii ndiyo inayodharauliwa na kila mtu kwa kudhani inahitaji umeme na chumba cha giza. Haihitaji. Neno letu kikaragosi lenyewe lina undugu na Karagöz, mchezo wa vivuli wa Waturuki ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2009. Wao walichonga wahusika kwa ngozi ya ngamia au ya ng'ombe. Sisi tuna boksi la sabuni.

Tundika bafta nyeupe au shuka mlangoni, upande wa mashariki, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Wachezaji wanasimama nje juani, migongo ikilielekea jua, na wanagusisha wanyama wao kwenye shuka. Watazamaji wako ndani, kwenye giza la darasa, na wanaona kila unywele. Dirisha pia linafaa kama halina nondo wala wavu. Vinginevyo tembo wako atakuwa gerezani.

Ukitumia tochi ya simu mambo hubadilika, na hapo ndipo utamu ulipo. Mnyama akikaribia tochi, kivuli kinakuwa kikubwa na kingo zake zinafifia. Akikaribia shuka, kinapungua na kukolea. Kwa jua ukubwa haubadiliki hivyo. Mtoto wa miaka 5 akiligundua hilo mwenyewe, atamfanya panya awe mkubwa kuliko simba, na huo ni usumbufu wa kushukuru.

Kivuli kinachagua wanyama. Kinataka umbo la ubavuni: twiga, tembo, ngamia, kaa, jogoo, mamba. Simba anayekutazama usoni anakuwa fungu la ukoko. Macho hayachorwi, yanatobolewa. Na ule mfuko wa maandazi uliolowa mafuta? Karatasi yenye mafuta hupitisha mwanga. Kata tumbo la samaki, ziba kwa karatasi hiyo, na samaki atang'aa.

Kwa hadithi ya Kima na Papa, ile ya kima aliyebebwa mgongoni baharini kisha akasema moyo wake ameuacha mkuyuni, sijaona aina inayoshinda hii. Kipande cha kanga kinachotikiswa chini ya shuka ndiyo bahari.

Kikwazo? Wachezaji hawazidi 5 kwa wakati mmoja, na ukiwa peke yako na darasa zima, nusu iko nje nusu iko ndani, huna macho ya kutosha. Mimi hufanya siku ambayo kuna mwalimu wa mazoezi au mzazi wa kusaidia. Siku ya mawingu unaahirisha.

Vidole

Pete ndogo ya karatasi yenye uso wa mnyama, juu ya kidole. Nzuri kwa kuhesabu 1 hadi 5 na kwa kikundi cha watoto 6 mkekani. Kwa darasa kubwa hazionekani, na kwa wa chini ya miaka 3 zinamezeka. Mzazi wa nyumbani atazifurahia kuliko mwalimu.

Kwa jicho moja

| | Soksi | Mfuko wa kaki | Kijiti | Kivuli |
|---|---|---|---|---|
| Anayetengeneza | Mwalimu | Mtoto, karibu yote | Mtoto, ukiacha kijiti | Mwalimu anakata, mtoto anachora |
| Mdomo | Unaongea vizuri | Unafunguka | Hakuna | Hakuna, labda kwa pini |
| Wa nyuma anaona? | Ndiyo | Kwa shida | Ndiyo, akiwa mkubwa | Ndiyo sana |
| Muda | Saa 1 kwa kimoja | Vipindi 2 au 3 | Kipindi 1 | Kipindi 1, na kupanga jukwaa |
| Kinadumu | Miaka | Siku hadi wiki 2 | Muhula | Muhula |
| Hatari ya kuangalia | Vifungo, mafua | Wembe, panya | Ncha | Watoto walio nje |

Jedwali halisemi habari ya mtoto mwenye haya, na ndiye ninayemfikiria zaidi. Kwake, soksi iliyo mkononi mwa mwalimu ndiyo mwanzo: anamjibu fisi, hakujibu wewe. Baadaye mfuko wa kaki, kwa sababu ni mpana na anaweza kujificha nyuma yake. Nyuma ya shuka ya kivuli wengine huongea kwa mara ya kwanza kabisa, maana hakuna anayewaona. Kijiti hakimfichi mtu. Kinyago cha usoni, ambacho wengine wanakipendekeza, mimi nakikwepa kwa wadogo. Nimeona mtoto akilia kwa kumwogopa rafiki yake.

Mnyama yupi

Anza na wanyama wa hadithi wanazozijua: sungura, fisi, kobe, jogoo, mbuzi, nyani. Dubu wa vitabu vya kuagizwa hana sauti masikioni mwao. Kwa soksi chagua wenye midomo mirefu: mamba, nyoka, fisi (masikio yake yawe ya duara, ukiyatia ncha watasema ni mbwa). Kwa mfuko wa kaki, wenye nyuso pana: chura, paka, simba. Kijiti kinabeba yeyote, ila twiga kwenye kijiti ni raha ya pekee.

Ulizia na nyumbani pia. Mwaka wa kwanza hapa niliwaacha watoto wachague ndege yeyote. Mmoja alitengeneza bundi wa mfuko wa kaki, macho makubwa ya njano, kazi nzuri kuliko zote darasani. Kesho yake alirudi mikono mitupu. Bibi yake alimkataa bundi asivuke kizingiti, na mtoto alikuwa amelia usiku. Nilipaswa kujua. Tukatengeneza kasuku.

Kama ungekuwa wewe

Kwa mwenzangu mwenye watoto 61, peke yake, bila bajeti, nilimwambia hivi. Jumapili jioni shona soksi moja tu, na iwe fisi, maana fisi anakosea, na watoto hupenda kumsahihisha mnyama anayekosea. Jumatatu fisi awasalimie, ahesabu vibaya, ataje herufi kombo. Wiki hiyohiyo kusanyeni maboksi, na kila mtoto awe na mnyama wake wa kijiti. Ndoo ya mchanga kwenye kona ya hadithi iwe zizi lao. Usibandike kwa gundi ya unga kitu kinachobaki kabatini likizo. Tumia selotepu, au tundika kwenye kamba juu ya ubao.

Ungekuwa na watoto 20 na msaidizi, ningekwambia uanze moja kwa moja na mfuko wa kaki, na kivuli mwisho wa mwezi. Kwa wenzetu wa Kenya, ambao awali yao ina madarasa mawili tofauti, PP1 la wadogo na PP2 la wakubwa, mgawanyo ni rahisi zaidi: kijiti cha pete na mfuko wa kuchanwa kwa PP1, mkasi na kivuli kwa PP2. Nami nawasihi msiwaagize wazazi vifaa vya kununua. Soksi moja iliyopotelewa na mwenzake iko kila nyumba.

Mwenzangu alipiga tena juzi. Fisi anafanya kazi. Mifuko ya kaki anataka kuianza wiki ijayo, na swali lake sasa ni jinsi ya kumzuia fisi asiume.